Unywele Mmoja Katika Bakuli

Kwa Mangi nilinunua mayai, matatu kila Jumamosi,
mume akala mkate mkavu, akanyamaza.
Niliambiwa nywele zinakatika kwa kukosa nguvu,
basi nikazilisha kama mzazi wa arobaini:
yai, mtindi, yai tena, na kile kichupa cha keratini
alichoniuzia dada mmoja Kariakoo
huku akiapa kwa jina la mama yake.

Mara ya kwanza nilisuuza kwa maji ya moto.
Yai likaiva kichwani.
Jumatatu, kaunta namba mbili, mteja anahesabu noti,
akaniambia kwa adabu, "Dada, una kitu hapo,"
nikachomoa kipande cheupe,
chipsi mayai isiyo na chipsi.

Sikukoma. Wiki ya sita
nywele zimekuwa ufagio wa chelewa.
Nikipitisha chanuo nasikia ka, ka, ka,
na sinki limejaa vipande vifupi vifupi
kama barua niliyoichana kwa hasira.

Tumpale ana saluni ya mabati, Tabata Kimanga,
viti viwili, kimoja hakizunguki.
Maji yakikatika ana mapipa yake.
Ya kisima hayamwagi kichwani mwa mtu:
"Yale yana chumvi, naoshea miguu."
Alichomoa unywele wangu bila kuniomba,
akauzamisha katika bakuli la plastiki,
akaushika ncha mbili kwa kucha,
akavuta.
Tap.
Haukunyumbuka hata chembe.
"Huu umeshiba, ila una kiu.
Umeujengea ukuta juu ya ukuta,
hukuacha hata dirisha."

Akamwita Havijawa, msaidizi wake,
ambaye hulala na nywele mbichi ndani ya mfuko wa nailoni
kila usiku wa Mungu. Akachomoa na wake, akavuta.
Ukaenda. Ukaenda. Kama bigijii,
na haukukumbuka njia ya kurudi.
"Na huyu amezama. Maji, maji, maji,
mpaka nywele zimekuwa mlenda."
Havijawa akacheka, akavuta mtandio mbele.

Hapo mawazo yakanikimbilia nyumbani,
kwa yule wa mkate mkavu:
kati yetu nani ukuta, nani mlenda?
Nikafungua mdomo. Tumpale akanikata:
"Hapa tunaongea nywele. Inamisha kichwa."

Nikainamisha. Maji ya vuguvugu,
kisha bamia zilizochemshwa zikachujwa kwa soksi mpya,
uteute ukishuka taratibu hadi kisogoni,
mshubiri, asali kijiko, mafuta ya nazi mwishoni.
"Mwishoni," alirudia. "Mafuta si maji.
Mafuta ni mlango. Unafungaje mlango
wageni hawajaingia?"
Akanizungushia taulo. Nje, Februari ilikuwa imelala barabarani,
jasho linamtoka hata aliyekaa,
mji mzima umelowa chapachapa
na jangwa pekee lilikuwa kichwani mwangu.

Nilitoa daftari. Yai mara ngapi kwa mwezi?
"Uliza unywele, usiniulize mimi.
Masika una jibu lake, kiangazi lake,
siku ya kufumua rasta lake tena.
Ukikatika upesi, unyweshe. Ukilegea, ulishe.
Ukienda kidogo ukarudi, uache,
nenda kafanye mambo mengine."
Niliandika neno moja tu, "uliza",
na bei: elfu kumi na mbili.

Ni mwezi wa nne sasa. Juu ya sikio la kushoto
pana kiraka ambacho bado hakijanisamehe.
Jumamosi hii nimekaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa,
bakuli kati ya magoti, unywele kati ya kucha.
Navuta. Unanyumbuka, unasita,
unarudi karibu na ulikotoka. Karibu.
Jikoni mume anakaanga mayai, mawili.
Anauliza dirishani kama la tatu ni langu.
Nauinua unywele kwenye mwanga,
nauvuta tena.
"Subiri," namwambia. "Haujasema."